Ng'ombe zote mu kilima kimoja

Ule mwaka viazi vilioza mu udongo wa Masisi, tukakula bugali ya mihogo ya kutoka Mpofi, kule porini, asubui na mangaribi, na majani ya sombe bila mafuta. Njo mwaka niliingia kazi mu coopérative yetu ya walimaji na wafugaji. Siku ya kwanza Papa Gérant, mukubwa wa pale, alinipa ndoo, torchon ya kupangusia na ufunguo moja.

"Mama, unajua kusoma?"

"Jina yangu tu, Papa. Na hata ile, kidole yangu inasaini vizuri kupita kalamu."

Akacheka. "Basi hautasoma siri zetu. Chunga kile chumba cha ule ufunguo."

Mu kile chumba kulikuwa mashini za ordinateur zenye zilichunga maandiko ya mashamba ya watu: kila famille, kilima yake, mupaka unapita wapi, mashahidi ni nani. Ninyi wajukuu munafikiri shamba inajulikana kwa macho. Ukimbie vita kwanza. Ukirudi unakuta muntu mwingine anavuna maharagwe yako, na ile maandiko njo sauti yako. Kilima ya mama yangu ilikuwa mule pia, kutoka kamutoni mpaka ku miti ya mupaka.

Nilipangusa vumbi, maana vumbi inaziba mapua ya mashini. Nikajua kuwasha groupe, ile mashini ya mafuta, wakati courant inapotea. Nikajua kwa sikio mashini yenye joto: inalia kama ng'ombe ya kuzaa vibaya. Nilizeeka mule ndani mpaka meno yangu ikaanguka.

Kila kazi ilikuwa na mashini yake: mashamba, maziwa, barua. Groupe ikashindwa kuzilisha zote. Akakuja Technicienne, fundi wa mashini, binti wa Walikale aliyesomea Bukavu, na kitu wanaita virtualisation.

"Koko," akaniita kama bibi yake, "fikiria mashini moja ni boma moja kubwa. Ndani ninagawa maboma kwa akili tu, bila miti. Kila mwenye ng'ombe anaona boma iko yake peke yake."

"Na boma kubwa ikiungua?"

"Njo maana unatafuta ya pili."

Lakini ile boma inaomba programme ya kuiongoza, na hapo mabishano ikaanza. Papa Gérant alitaka ile ya kulipa. Unalipa licence, ruhusa ya kuitumia, kila mwaka, na ukishindwa unaita telefone, wenyewe wanajibu. Technicienne alitaka ya bure, yenye kila muntu anaweza kufungua na kutengeneza. Walizijaribu zote mbili, na mimi nilikuwa pale na torchon yangu. Ya kulipa ilikuwa na madaha: serveur moja, ile mashini njo boma, ikizimika, ingine inapokea kazi mbele ya mukarani kumaliza kupiga chafya. Lakini ilikataa mashini zetu za zamani, kama bibi-arusi anayekataa sufuria ya mama mukwe. Ya bure ilikubali hata mashini ya kutu. Lakini siku moja Technicienne aligonjwa malaria, na hakuna muntu alijua kuigusa. Sitawadanganya: zote mbili zilikuwa nzuri.

Papa Gérant akachukua ya kulipa, na serveur mbili mupya. Technicienne hakubishana tena. Aliomba kitu kimoja tu.

"Papa, ya pili iende Mpofi."

"Mpofi? Serveur ikaishi na nyani?"

"Nyani za kwetu hazibebake serveur, Papa. Watu njo wanabebaka."

Papa Gérant akanigeukia. "Mama, wewe wa kwenu ni wafugaji. Unasema nini?"

Mimi nilijua. Baba yangu hakulaza hata siku moja ng'ombe zake zote mu kilima kimoja. Mbili kwa rafiki ngambo ya mutoni, tatu kwa shemeki, ili ugonjwa ao vita isikombe zote. Lakini ya Mpofi ingepata ufunguo ingine, mu mukono ya muntu mwingine. Roho yangu ikakataa.

"Ziache hapa, Papa. Nitazifunga mwenyewe."

Technicienne akaanza kuzipanga zote mbili mu chumba kimoja.

Vita ikakuja. Tulikimbia na barabara ya Sake, tukapita Mubambiro, ufunguo ikiwa mu kitenge yangu. Tuliporudi mulango ulikuwa umevunjwa. Watu wa silaha walibeba serveur zote mbili, zenye zilikaa bega kwa bega. Ile programme ya kulipa haikuwa na kosa. Mimi njo nilikosa.

Sasa niko retraite, kazi niliacha. Kilima ya mama yangu inalimwa na muntu sijue. Mwezi uliopita Papa Gérant alikuja na karatasi. Kilima ya juu ya ile yetu, anasema, mashini iliiandika kwa tajiri mumoja mbele ya kubebwa.

"Mama, ulikaa mule miaka yote. Tia kidole, uwe shahidi. Na kilima yako tutaiandika siku ile ile."

Nilikuwa nimepangusa vumbi ya juu ya mashini tu. Ya ndani sikuiona hata siku moja. Na ile kilima ya juu, nani aliilima? Wajane wawili, nao wako mu kambi ya wakimbizi.

"Papa, kidole yangu haiingie penye sikuona."

Jana alirudi na wino mu mukono. Akanionyesha jina yangu, imekwisha kuandikwa penye pa shahidi. Ile njo neno moja ninajua kusoma. Nikaisoma mpaka mwisho, nikamurudishia karatasi.

"Papa, kidole yangu haiingie penye sikuona."