Mpishi wa Wilaya Iliyofutwa

Notburga Platzgummer aliingia jikoni mwa makao ya wilaya ya Rainach akiwa msichana, enzi za Kaisari wa Vienna. Alipotoka alikuwa bibi kizee, na serikali nne zilikuwa zimeketi mezani pake, zikala, zikajifuta midomo.

Wilaya yenyewe ilikuwa mabonde mawili yaliyotenganishwa na mlima. Watu wa pande zote mbili walishuka na kesi zao za malisho na kuni, wakangoja kwenye ngazi huku viatu vyao vikinuka samadi, na aliyewapokea alikuwa karani mkuu, Alfons Gschnell. Huyo bwana alipaka masharubu yake mafuta mazito yenye harufu ya waridi lililooza. Notburga akimpelekea supu alikuwa akigeuza uso pembeni. Wakati huo kinyaa chake kilikuwa cha mafuta tu.

Vita vikuu vilipokwisha, mabwana wakubwa walichora mpaka juu ya mgongo wa mlima. Bonde la kaskazini likabaki Austria, la kusini, lenye makao ya wilaya, likapewa Italia, na wilaya ikafa hivyo hivyo, bila hata mtu kuipigia kengele. Thresl, dada yake Notburga aliyeolewa ng'ambo ya mlima, akageuka mgeni kwa usiku mmoja. Siku picha ya Kaisari ilipoteremshwa ukutani, Gschnell alilia mpaka akashikwa kwikwi. Miaka michache baadaye alikuwa anaitwa Genelli, kavaa shati jeusi la wafuasi wa Mussolini, na anawakemea wakulima kwa Kitaliano alichojifunza juzi.

Kisha mama yake Notburga akafariki. Ilikuwa imekatazwa kuandika Kijerumani, lugha ya watu wa bonde, makaburini. Gschnell alikuja mwenyewe jikoni kumweleza, akajipakulia madonge ya mkate na nyama ya moshi bila kukaribishwa, akasema huku anatafuna kwamba jina la marehemu litabidi ligeuzwe.

"Mama yangu hakujua hata neno moja la Kitaliano," Notburga akamwambia. "Siku ya kufufuliwa atamwomba nani amsomee jina lake?"

"Burga, dada yangu, maiti hana ulimi."

"Na wala hahitaji wa pili. Wewe ndiye uliyejaaliwa ndimi mbili."

Gschnell alicheka, mafuta ya nyama yakimtiririka kidevuni, akanyoosha sahani aongezewe. Notburga alimwongezea, kwa kuwa kazi ilikuwa kazi, lakini sahani ile aliisugua kwa majivu mpaka ikapoteza rangi. Jumapili yeye na kaka yake Lois waliviringisha jiwe kutoka mtoni, wakaliweka kaburini bila herufi hata moja. Wanakijiji walisema ni ukaidi. Yeye alisema afadhali mama akose jina kuliko kuvishwa la kuazima.

Miaka ikapita, Hitler na Mussolini wakapatana, na watu wa bonde wakaambiwa wachague: waende Ujerumani wabaki Wajerumani, au wabaki nyumbani wawe Waitaliano. Na ni nani aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza waondoke? Gschnell yule yule, kalirudia jina lake la zamani, shati kabadilisha. Waliokataa waliitwa wasaliti, na Notburga aliyekataa aliamka akakuta mlango wake umepakwa kinyesi cha binadamu toka juu hadi chini. Alikiosha mwenyewe kwa maji ya barafu. Majirani aliokuwa akiwagawia mkate walimtazama kutoka madirishani, hakuna aliyetoka. Alisema baadaye kwamba kinyesi kilitoka kwa brashi, lakini zile nyuso madirishani hazikumtoka.

Lois aliondoka na mkewe. Alirudi baada ya vita vya pili, peke yake, amekonda, na hakuweza tena kula mbele ya watu. Ilimchukua muda kumsimulia dada yake. Walipelekwa mashariki, katika nchi iliyotekwa na Wajerumani, wakapewa nyumba nzuri yenye bustani. Walipoingia walikuta meza imetandikwa, supu iko kwenye sahani, bado ya vuguvugu. Wenye nyumba walikuwa wametimuliwa asubuhi hiyo.

"Mke wangu aliipasha moto," Lois akasema. "Tukainywa, Burga. Ilikuwa tamu."

 Notburga alitoka nje akatapika nyuma ya banda la kuku, akarudi akamshika mkono.

Jengo la wilaya lilipogeuzwa hoteli ya watalii wa theluji, kamati iliandaa karamu ya kuikumbuka wilaya ya zamani. Wakamwomba apike, akapika. Mgeni wa heshima alikuwa Gschnell, sasa mzee wa nywele nyeupe na sauti ya kutetemeka. Aliisifia ardhi iliyopasuliwa, akafuta machozi, kisha akamwona Notburga na bakuli la kabichi chachu.

"Huyu hapa shahidi wangu," akawaambia wageni. "Mimi na Burga ndio tulioilinda wilaya hii miaka yote."

Notburga akaliweka bakuli mezani. "Usinitie kwenye hadithi yako, Bwana Gschnell," akasema kwa sauti ya kawaida. "Uliilinda kama funza anavyoilinda jibini."

 Mtu akaomba apitishiwe haradali, mwenyekiti akasema uzee una mambo yake, na wakampigia Gschnell makofi marefu wakiwa wamesimama. Makofi yale ndiyo yaliyomkinaisha Notburga kuliko yote. Alivua aproni, akaiacha juu ya kiti, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alipanda basi la mlimani kwenda kwa Thresl. Alimsimulia karamu yote hadi sauti ikakauka. Thresl, aliyekuwa akimenya viazi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na sisi huku tunaye Gschnell wetu," akasema. "Ndiye anayepitisha bakuli la sadaka kanisani."

Notburga aliomba kisu, akavuta kiti, wakamenya pamoja. Aliishi kwa dada yake miaka kadhaa hadi kufa kwake, na kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pale bakuli la sadaka lisipofika.