Mpera wa Bei ya Kwanza

Mke wangu hajawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote tangu nimfahamu. Simsengenyi, yuko hapa hapa nyuma yangu anapiga pasi pindo la pazia, na nikiandika uongo atanirekebisha kabla wino haujakauka. Siku ya harusi yetu alipatana na mpiga picha huku shela iko kichwani. Siku ya kumzaa kitinda mimba wetu alimuuliza mkunga kama hakuna punguzo, maana mtoto katoka haraka na hakusumbua mtu. Wauza vitambaa wa jumla wamembandika jina la Mama Punguza. Wapo wanaomwona akivuka barabara wakaanza kushusha mlango wa duka saa nne asubuhi.

Tuna duka la mapazia. Mimi nashona, yeye anauza, na usiniulize bosi ni nani. Cherehani yangu iko dirishani penye mwanga. Yeye yupo kaunta, katikati ya majora ya kitambaa, ringi na fimbo za pazia, na chini ya kaunta ana kompyuta kuukuu iliyong'oka kitufe kimoja. Mchana wateja wakipungua, anavaa miwani, anaipangusa kompyuta vumbi kwa kipande cha kitambaa, anafungua gemu.

Ndiyo, gemu. Mtu mzima mwenye wajukuu. Mwanzoni nilimcheka mpaka nikakosea mshono, ila cheko langu lilikatika nilipoona anachojenga.

Mama mkwe wangu alikuwa na nyumba yake, na nyumba ile ilivunjwa barabara ilipopanuliwa. Fidia ilitoka, mama akahamia kwetu, akamalizia siku zake katika chumba chetu cha nyuma. Picha ya nyumba hatuna. Tunayo moja tu ya sherehe, na humo inaonekana kona ya ukuta na sikio la mjomba mmoja. Basi mke wangu na mdogo wake wakaanza kuijenga upya ndani ya gemu, chumba kwa chumba, kwa kukumbuka.

Shemeji anaishi nchi ya mbali, anafanya kazi ya kutunza wazee. Kwenye simu hawa ndugu wawili hawawezi kusalimiana hadi mwisho bila kuzozana. Kwenye gemu lile wanaelewana ajabu. Kila mmoja ana kijitu chake, cha shemeji kina gauni jekundu, na wanaingia na kutoka humo wakiandikiana: dirisha lilikuwa juu zaidi, jiko lilikuwa na masizi upande wa kushoto, usisahau ufa. Hata ufa wa ukutani wameuweka! Nyumba yenyewe imehifadhiwa kwenye akaunti ya mke wangu, na shemeji huingia kama mgeni aliyekaribishwa. Akaunti ikipotea, nyumba ya mama imekwenda nayo.

Kilichobaki kilikuwa uwanja wa nyuma. Mama alikuwa na mpera pale. Shemeji utotoni alikuwa anajificha nyuma ya mpera huo kila alipoitwa kuosha vyombo, na dada mtu akaviosha peke yake huku ananuna. Sasa kwenye gemu miti inauzwa kando, katika fungu la bustani, na duka la mtandaoni limeliwekea bei moja dunia nzima. Kule kwa shemeji bei hiyo ni chakula chake cha mchana kazini. Kwetu ni mapazia ya sebule nzima, kitambaa na ushonaji. Shemeji akasema si neno, nitanunua mimi huku, nikutumie zawadi. Akanunua, akatuma. Ikafika na ujumbe: "Zawadi hii haiwezi kufunguliwa katika eneo lako."

"Eneo langu limekosa nini?" mke wangu akaiuliza kompyuta. "Kulipa nilipe sawa na wao, zawadi nisipewe kama wao?"



Akaamua kupatana na duka lile la mtandaoni. Alikwenda kwenye ukurasa wao ambapo wateja wanaacha maoni, mbele ya macho ya watu wote, akaandika: "Habari za kazi. Huku kwetu mtu halipwi kama huko kwenu. Bei yenu ya bustani ni kubwa. Bei ya mwisho ngapi? Mkiwa tayari nipigieni." Akaweka na namba yake ya simu, kama anavyomwachia mteja wa mapazia. Wiki zikapita kimya. Akaongeza maoni mengine, na namba ileile.

Mchana mmoja simu ikaita. Alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili, ikabidi mimi niibonyeze na kuiweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama," ilisema sauti laini ya kijana. "Napiga kutoka duka la gemu, huduma kwa wateja. Tumeona malalamiko yako ya bei."

"Marahaba. Hatimaye!"

"Tumekaa kikao, tumeona una haki. Bei za eneo lenu hazikuwa za haki. Tunataka kukupunguzia."

Mke wangu alinitazama kwa jicho la ushindi, akavuta kiti. "Nusu bei," akasema.

"Sawa mama, nusu bei."

Mkasi ulinitoka mkononi. Katika ndoa yetu yote sijapata kuona mtu akimkubalia namna hiyo.

"Nusu hiyo na maua yamo?"

"Yamo yote, mama."

"Basi fanya robo."

"Robo, hakuna shida."

Nilianza kumpigia ishara kwa mikono miwili. "Chukua!" nikamnong'oneza. "Chukua kabla hajageuka!"

"Ili niliweke hilo punguzo," kijana akaendelea, "nimekutumia namba sita kwenye simu. Nisomee tu, tumemaliza."

Kweli ujumbe uliingia, tena wenye jina la duka lenyewe. Mke wangu akashusha miwani puani. "Saba," akasoma. "Mbili. Nne..." Akawa anaitazama simu kama anavyotazama kitambaa anachokishuku, kile anachokiinua kwenye mwanga kabla ya kufungua mkoba.

"Kijana," akasema taratibu. "Na nikitaka bure?"

"Hata bure, mama! Wewe ni mteja wetu maalumu. Malizia hizo tatu tu."

"Mwanangu, wewe huna duka," akasema, akakata simu.

Nilipandisha hasira. Nilimwambia ameitupa bahati yetu barabarani, bustani nzima, bure! Akaniacha niseme mpaka pumzi ikaniishia.

"Fundi," akasema, "hebu nikumbushe. Yule wa majora, nikimwambia nusu bei, anafanya nini?"

"Anaapa kwa watoto wake."

"Na yule wa ringi?"

"Anasema hata nauli hapati."

"Wanaumia, kwa sababu mzigo wameununua. Huyu nimemkata mara tatu hajaguna hata kidogo. Kinachomuuma ni hizi namba tu."

Nikachukua simu nikausoma ule ujumbe mpaka chini, kazi ambayo tungepaswa kuifanya mwanzoni. Ulisema hizo ni namba za kubadilisha nenosiri la akaunti, na asipewe mtu yeyote, hata akisema anatoka dukani. Tapeli alikuwa ameokota namba ya simu kwenye yale maoni, akaliambia duka kwamba yeye ndiye mwenye akaunti na amesahau nenosiri. Duka likamtumia mwenye akaunti ufunguo, na mwenye akaunti akaanza kuusoma kwa sauti, mumewe akimshangilia.

Mke wangu akaketi juu ya jora. "Angeingia nyumbani kwa mama," akasema. "Nimebakiza namba tatu tu, angeingia akafuta kila kitu."

Niliogopa. Sioni haya kusema. Mimi niliyempigia mama mkwe jeneza lake misumari, niliogopa kuvunjwa kwa nyumba isiyoshikika. Simu iliita tena, tukaiacha ilie. Alifungua akaunti akabadilisha nenosiri. La zamani lilikuwa jina la mama yao, ambalo mtaa mzima unalijua. Jipya hakunitajia, na akaniamuru nitazame ukutani alipokuwa analiandika. Kisha akafuta namba yake kwenye maoni yote. Halafu tukaingia ndani ya nyumba kukagua: sebule ipo, jiko lipo, masizi yapo, ufa upo. Aliliandikia duka kueleza yaliyotokea, na hakukosa kuulizia bei mwishoni.

Kesho yake walijibu, safari hii wenyewe. Walishukuru kwa taarifa, wakasema wao hawapigi simu kwa wateja. Kuhusu bei walisikitika: ilipangwa moja kwa nchi zote, na kwa sasa hawawezi kuipunguza hata kidogo.

Mke wangu akasoma mara mbili, uso ukamchangamka. "Umewasikia? Hawa sasa ndio wenye duka."

Nikasogeza kiti nipate kutazama vizuri, maana nilijua vita ndiyo kwanza inaanza. Badala yake akachukua simu yake, akabonyeza, akalipa. Bei kamili. Bei ya kwanza!

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Jana nusura nyumba ibomolewe mara ya pili, na mpera wenyewe haujapandwa," akasema bila kuniangalia. "Kugombana nao nitagombana, bei yao ni ya uonevu na nitawaandikia kila mwezi mpaka wagune. Lakini mti uwepo."

Akaupanda palepale, pembeni kidogo ya mlango wa jikoni. Akausogeza kushoto, akaurudisha, akausogeza tena. Kisha tukangoja shemeji atoke kazini. Nilijifanya natia uzi kwenye sindano.

Kijitu chenye gauni jekundu kikaingia kwa mlango wa mbele, kikapita sebuleni, kikapita jikoni, kikafika mlango wa nyuma na kusimama. Kilisimama pale muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu kikatoka mbio kukatiza uwanja, kikaenda kusimama nyuma ya mpera, na pindo jekundu likawa limechomoza upande mmoja wa shina.

Mke wangu akavua miwani, akaipangusa kwa pazia la mteja. Akaivaa tena, akaandika: "Toka huko nyuma. Vyombo vinakungoja."