Matuta ya Kulia

Kwa utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilipanda viazi katika shamba la mama, nje kidogo ya Njombe. Matuta ya kushoto niliyatia mbolea. Ya kulia niliyaacha hivi hivi, ili mwishoni nilinganishe mavuno. Nilimweleza mama vizuri, akaitikia, nikarudi chuoni.

Niliporudi nilikuta matuta yote yamestawi sawasawa. Mama alikuwa amebeba samadi ya ng'ombe kwa ndoo, akayamwagia yale ya kulia.

Nilifoka. Msimu mzima umekwenda na maji! Msimamizi wangu nitamwambia nini?

Mama aliendelea kumenya viazi. “Watu wakienda kanisani wanapita hapo,” alisema. “Waone nusu ya shamba langu ina njaa?”

“Mama, huo ndio utafiti! Lazima mengine yaachwe, tuone tofauti.”

Akaweka kisu chini, akanitazama kwa upole ulioniudhi zaidi.

“Wewe ulizaliwa njiti, mwanangu, hata kunyonya ulikuwa huwezi. Ningekuacha, ili nione tofauti?”