Tangu Nitoe Vyombo vya Shughuli, Hakuna Anayenibishia Hodi

Assalaam aleikum, admin na wote mnaosoma. Nifichie jina langu tafadhali, Msambweni ni padogo na binti yangu anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na miwili. Ninaishi na binti yangu, mume wake na watoto wao wawili katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Siumwi, silali njaa, na wala sikuja hapa kumsema mtu. Nimekuja kwa sababu nyumbani sina wa kuzungumza naye.

Binti yangu anafanya kazi hotelini Diani, anasimamia usafi wa vyumba. Mwaka jana alirudi kazini, akasimama katikati ya sebule, akasema, "Mama, nyumba hii haipumui." Nikamwambia, "Tangu lini nyumba ikawa na mapua?" Akacheka, lakini hakuacha. Ati vyumba vya wageni vina kitanda, kiti na pazia jeupe tu, na mtu akiingia moyo unatulia. Basi akatoa sheria: kitu ambacho hatujakitumia mwaka mzima, kitoke.

Alianza na vyake, nimpe haki yake. Madera yalitoka, viatu vilitoka, makochi makubwa yalitoka. Mkwe wangu naye akatoa televisheni mbili mbovu alizokuwa akituahidi kila Ramadhani kwamba atazitengeneza. Mwanzo nilifurahi, wallahi. Kufagia kukawa dakika mbili.

Kisha wakafika stoo yangu. Humo nilikuwa na vyombo vya shughuli: sufuria tano za kupikia pilau ya watu mia, masinia, mabirika, majamvi na miko mirefu. Kwa miaka thelathini harusi, maulidi na matanga yote ya mtaa wetu yalipikiwa humo. Sikumkodishia mtu hata siku moja, nilikuwa nikiviazimisha tu. Binti yangu akauliza, "Mama, sisi wenyewe mara ya mwisho tulivitumia lini?" Nikafikiri. Ilikuwa ni harusi yake, miaka kumi na moja iliyopita. "Basi," akasema.

Nilipaswa kumwambia kwamba mtaa unavitumia kila wiki. Badala yake mimi mwenyewe, kwa kimbelembele changu, nikasema tuvipeleke msikitini viwe sadaka. Mkwe akavipakia, tukaombewa dua, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Ndugu zangu, sikujua nimetoa nini. Mwanamke akija kuazima sufuria haji akaondoka. Atabisha hodi, atakaa, atakunywa chai, atakueleza nani anaoa, nani kalazwa, nani kagombana na mawifi zake. Akirudisha chombo hakirudishi kitupu, atakifunikia pilau au maandazi, na mtakaa tena. Sasa wanakwenda moja kwa moja kwa kamati ya msikiti. Kikundi cha simu cha akina mama simo, sikuwahi kukihitaji, kwa maana habari zilikuwa zikinifuata mlangoni.

Mwezi uliopita alifariki rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha Kurani tangu tukiwa watoto, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya barabara kuu, mbali kidogo na kwangu. Alifariki alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nyumbani nikitazama ukuta. Nilijua siku ya tatu, aliponiambia muuza samaki: "Bibi, mbona hukuonekana matangani? Watu wanasema umejitenga siku hizi, nyumba imekuwa ya kizungu."

Nilivaa buibui nikaenda mbio. Uani wanawake walikuwa wakipika chakula cha hitima kwa sufuria yangu, ile yenye kiraka kwenye mshikio. Nikakunja mikono ya nguo nishike mwiko. Binti wa marehemu akanipokea kwa adabu zote, "Shikamoo bibi, karibu ukae," akaniletea kiti cha plastiki barazani. Mimi! Kiti, kama mgeni aliyetoka Nairobi. Nilikaa nikalia, watu wakadhani ninamlilia marehemu peke yake.

Wiki iliyopita nilikwenda Ukunda nikanunua masinia sita, nikayaficha chini ya kitanda. Binti yangu aliyaona akipiga deki. Hakunigombeza. Alisema kwa upole, "Mama, si tulikubaliana? Hivi si afadhali sasa unapumzika, watu hawakusumbui?" Angenipigia kelele ningemjibu. Lakini ananipenda mwanangu huyu, anadhani amenitua mzigo, nami nikashindwa kumwambia kwamba usumbufu ule ndio uliokuwa maisha yangu.

Sadaka hairudishwi, nalijua hilo. Ninaweza kumweleza binti yangu nikamvunja moyo, halafu nianze upya kununua sufuria moja moja. Lakini kuna jambo linaniumiza zaidi na sijawahi kulitamka. Miezi minane imepita tangu vyombo vitoke. Katika wanawake wote walioingia kwangu miaka thelathini, hakuna hata mmoja aliyekuja kunijulia hali tu.

Jumamosi kuna harusi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na sijaalikwa jikoni. Nishaurini, niende nikajipachike, au nikae kwangu? Nanyi mnaoazima vyombo kwa watu, nijibuni bila kunionea huruma: huwa mnamwendea mwenyewe, au mnaiendea sufuria?