Nilivyotetea Usafi wa Mashairi ya Mapenzi

Jumapili iliyopita nilifundisha somo la Biblia kwenye kanisa letu la ibada ya Kiswahili hapa Toronto. Mada ilikuwa mashairi ya mapenzi ya Kiebrania. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya wataalamu, basi kichwa kikavimba kama andazi kwenye mafuta. Kompyuta yangu ilikuwa imeunganishwa na skrini ya ukutani. Niliposoma mstari unaosifu matiti ya bibi harusi, vijana wakaanza kuchekacheka, nikawakemea.

"Hapa hakuna mambo ya mwili! Wafasiri wa kale walisema matiti mawili ya bibi harusi ni Musa na Haruni."

"Amina!" mchungaji akaitikia.

Mke wangu alikuwa kazini Pickering, mji wa jirani, akifuatilia somo mubashara kwa simu. Ghafla ujumbe wake ukachomoza kwenye skrini, mbele ya kanisa zima: "Baba Neema, asubuhi jikoni uliponisomea mstari huohuo, mbona Musa na Haruni hukuwataja?"