Siku Nilipopandisha Matoazi

Mimi ni mtu najulikana Section 58 mpaka Dundori, nimetoka kusukuma mkokoteni nikafika kumiliki mashine za kusaga unga, na darasa la saba sikumaliza, lakini kuna ukumbi mmoja hapa Nakuru nikipita mbele yake lazima nishushe kofia nifiche uso.

Msichana wangu Nekesa ana bendi ya roki, na walikuwa wamerekodi wimbo kwa sebule yangu. Jumamosi ungechezwa ukumbini, mwenye shoo asikie aamue kama atawapa nafasi ya kupiga, na hiyo nafasi Nekesa alikuwa ameitafuta sana. Asubuhi hiyo akaenda saluni, akaacha kompyuta imewaka. Nikasema wacha nisikize kidogo tu. Gita iko, besi iko, sauti yake safi, lakini matoazi ya dramu siyasikii, na yule kijana wao wa dramu nilimwona kwa macho yangu akiyagonga, basi nikajua wamesahau, nikapandisha sauti yake, bado, nikapandisha tena mpaka yakaja vizuri, nikaseivu (mtu amefungua injini ya dizeli akairudisha hawezi shindwa na kompyuta).

Ukumbini wimbo ukaanza. Nimesimama mbele kabisa natingisha kichwa, tamu ajabu, nageuka nione watu wakifurahia, naona wote wameziba masikio. Nikadhani ndiyo staili ya roki, na mimi nikaziba yangu. Mathe mmoja akabeba mtoto akatoka mbio.

"Zimeni hiyo kitu," mwenye shoo akasema. "Inakata kama grainda ya kukata chuma."

Nekesa akanijia. "Baba, nani ameguza matoazi?"

"Ni mimi," nikajibu na kifua mbele. "Mlikuwa mmeyaficha."

"Na hayakuumi masikio?"

"Yaniume aje? Hata saa hii naona yako chini."

Nilingoja anigombeze. Badala yake hasira ikamtoka usoni, na hapo ndio nilichanganyikiwa kabisa.

"Baba," akasema polepole, "hiyo mashine ya unga umesimama kando yake tangu lini?"

"Kabla uzaliwe. Kwani mashine imeingiaje hapa?"

Nafasi ilipewa bendi nyingine. Nekesa akanipeleka kwa daktari wa masikio, akaambiwa sauti nyembamba niliacha kuzisikia kitambo kwa kelele ya mashine, na mimi kumbe nilidhani dunia ndiyo imetulia.

Kompyuta yake siguzi tena, nimeapa. Wakiitwa tena nitabeba spika, na kwa kubeba spika hakuna mtu Nakuru ananishinda.