Furianti ya Kusikiliza Vitini

Vendelín Kudrna ndiye anayetuchinjia nguruwe majira ya baridi, na Jumapili ndiye anayepiga kinanda kanisani. Vidole vyake ni vinene kama soseji anazotutengenezea, lakini Mungu hana upendeleo, muziki ameutia humo humo.

Tangu ujana wake amewapigia watu dansi, harusi kwa harusi. Mtu anayecheza hamsikilizi mpigaji. Ni miguu yake tu inayosikiliza. Basi alipoanza kuzeeka, Vendelín akatamani jambo moja: atunge kipande chake mwenyewe, kifupi tu, na sisi tukae vitini tukisikilize mpaka mwisho, kama watu wa jiji la Praha.

Akatunga furianti, dansi yetu ya kupiga visigino! Sisi wa kwaya tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ni sawa na kumwandalia mtu bata bukini wa kuchoma, halafu ukamwambia anuse tu.

Siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, baada ya misa na chakula, alipanga viti mwenyewe katika ukumbi wa baa, mbele ya piano.

"Nawaomba jamani, mkae tu. Miguu ipumzike leo."

"Na bia je?" akauliza shangazi yake, bibi Filomena, aliyekaa mbele kabisa.

"Baadaye, shangazi."

"Basi piga upesi."

Akaanza. Sasa, furianti yetu huenda mbili, mbili, mbili, kisha inageuka kuwa tatu, na hapo kisigino hupiga sakafu. Hatufundishwi, tunazaliwa nayo. Lakini Vendelín, katika kutunga kwake, alikuwa ameuchelewesha kidogo mgeuko ule. Basi ukumbi mzima, hivyo hivyo tulivyokaa, tukapiga visigino: du! Na mimi pia, Mungu anisamehe. Piano ilikuwa bado haijafika kwenye mgeuko.

"Umekosea wewe!" akapaza sauti Filomena.

"Sijakosea, shangazi. Nimetunga."

"Kumbe kutunga ni kukosea kwa makusudi?"

Watu wakaangua kicheko. Vendelín akanyanyuka, uso mwekundu, akafunika piano taratibu kama anayefunika maiti. Moyo uliniuma.

"Unakwenda wapi?" akasema Filomena. "Keti. Rudia. Nataka nisikie hasa ni wapi unapoiharibu."

Akarudia. Safari hii hakuna aliyetikisa mguu. Wazee waliinama mbele, mikono nyuma ya masikio. Waliotaka kukohoa walimeza kikohozi. Tulikuwa tunalivizia lile kosa kama paka kwenye tundu la panya. Mgeuko ukakaribia, ukachelewa, tukabana pumzi zote, ukageuka. Na muziki ukaendelea mpaka sauti ya mwisho, wala hakuna aliyekumbuka bia.

Vendelín hakuthubutu kugeuka kututazama.

"Kosa liko pale pale," akasema Filomena. "Hebu piga tena. Na nyie wa nyuma, acheni kupumua kwa kelele!"